Ukurasa wa Kumi na Saba

Kiwandani kwetu shangazi yangu alikuwa akiitwa Gundi. Si kwa sababu ya ung'ang'anizi, ingawa na huo alikuwa nao wa kutosha. Ni kwa sababu vidole vyake vilishaota utando mweupe usiotoka hata kwa mafuta ya taa. Miaka thelathini na moja ameketi meza ileile, karibu na dirisha lenye kioo kilichopasuka, akikunja karatasi, akishona vitabu, akivipaka gundi migongoni. Vitabu vya hesabu, vya dini, vya sheria, vya kufuga kuku. Nadhani mji mzima hakuna mtu aliyeshika vitabu vingi kama yeye. Na hakujua kusoma hata herufi moja.

Wewe cheka tu. Wenzetu pale kiwandani walicheka pia, mpaka siku niliyomwambia fundi wa mashine kwamba akirudia nitamkunja mara tatu nimshone mdomo. Tangu hapo wakawa wanacheka nikienda chooni.

Baba yangu ni mdogo wake, na shangazi ndiye aliyeniombea kazi pale, nilipokuwa nimemaliza shule na kukaa nyumbani mwaka mzima nikila na kulala. Alinifundisha kukunja. Karatasi kubwa inatoka mashinani ikiwa na kurasa nane mbele na nane nyuma, zimepangwa shaghalabaghala, nyingine kichwa chini miguu juu. Unaikunja mara tatu, unapitisha kipande cha mfupa kwenye kila kunjo, na hapo kurasa kumi na sita zinajipanga zenyewe. Hiyo tunaiita mkunjo. Kitabu kinene kina mikunjo ishirini. Kitabu cha watoto kina miwili tu, unaishona pamoja, basi.

Sasa nikueleze kwa nini hakusoma, maana hapo ndipo yalipo yote.

Wazee wangu walitoka kisiwani. Babu alikuwa akikausha mbata, yaani nyama ya nazi, kwenye majamvi kando ya gati la mbao, na watoto kazi yao kufukuza kunguru. Watoto walikuwa watatu: shangazi, miaka tisa, mdogo wake wa kiume, miaka sita, na baba yangu, bado ananyonya. Shangazi alikuwa aanze shule mwezi uliofuata. Sare ilishashonwa, imetundikwa msumarini, na kila asubuhi anaigusa kabla ya kwenda kwenye majamvi.

Siku hiyo wingu likafunga ghafla. Bibi, mama yao, akatoka mlangoni na baba yangu mgongoni, akamwita shangazi aje kuanua mbata kabla hazijalowa. Shangazi akasema yuko na mdogo wake gatini. Bibi akafoka: "Mwache huyo, ana miguu! Wewe njoo haraka!" Shangazi akakimbia. Wakaanua. Mvua ikanyesha, ikakatika. Mtoto hakuonekana. Walimkuta jioni chini ya gati, kaptula yake nyekundu imenasa kwenye msumari wa nguzo.

Watu walipojaa uani na babu akauliza mtoto aliachwa na nani, bibi alisema, "Nilimwachia dada yake." Shangazi akasema, "Mama, si uliniita? Si ulisema mwache huyo, ana miguu?" Alipigwa kofi mbele ya maiti. Hakurudia tena kwa watu. Sare ile akapewa mtoto wa jirani, kwa sababu sasa kulikuwa na pengo la mikono miwili kwenye mbata. Miaka michache baadaye babu akafa, wakahamia bara, na kisiwa kikabaki kuwa neno lisilotajwa nyumbani kwetu.

Bibi alikaa nasi uzee wake wote. Kwangu alikuwa bibi mzuri tu, sitamsingizia. Alijua kusoma, alijifunza ukubwani, na alijivunia kupita kiasi. Alikuwa na kioo cha mkononi cha kukuzia maandishi, na karatasi yoyote iliyofungiwa sukari au vitumbua aliikunjua akaisoma mpaka mwisho. Ukimbishia, anagonga karatasi kwa kidole: "Kimeandikwa." Hapo ugomvi umekwisha. Kilichoandikwa kwake kilikuwa ni kweli, hata kama ni tangazo la dawa ya kuotesha nywele.

Lakini kwa shangazi, jamani! Shangazi alikuja kila Jumapili, akafagia, akafua mashuka, akamkanda miguu. Bibi hakumwita mwanangu hata siku moja. Alimwita "huyu". "Mwambieni huyu afunge mlango." Na maji hakupokea mkononi mwake. Chakula kikipikwa na shangazi, mama yangu alilazimika kukipakua na kukipeleka yeye, ndipo bibi ale. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mchezo wao. Nilipokua nikaambiwa kwa kunong'onezwa: shangazi yako alimwacha ndugu yake akafa maji. Nilimuuliza mwenyewe. Akanieleza kama nilivyokueleza, neno kwa neno, halafu akasema, "Mama hakumbuki. Au anakumbuka. Mimi nitajuaje?"

Bibi alikuwa na miaka themanini na kitu alipoanza kuvimba miguu. Daktari akamwita baba pembeni, akamwambia tumrudishe nyumbani tu. Sote tulielewa. Ilikuwa ni wiki hiyohiyo kitabu kilipoingia kiwandani.

Kilikuwa kitabu cha watoto, mashairi mafupi na picha, kuhusu utoto wa kisiwani. Kila ukurasa picha moja na shairi lake chini. Mchanga, kaa, mitumbwi, watoto uchi kwenye mvua. Mwandishi ni mwanamke aliyeondoka huko zamani, sasa yuko nchi za mbali, hata msimamizi wetu alizungumza naye kwa simu tu. Msimamizi aliletewa kielelezo, nakala moja ya mfano, tuone kitakavyokuwa, nacho kikazunguka meza kwa meza.

Kilipofika kwa shangazi nikamwona ameganda. Kitabu kiko wazi katikati.

"We mtoto," akaniita. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, lakini kwake mtoto. "Njoo hapa. Hili ni gati letu."

"Magati yote yanafanana, shangazi."

"Hili limekosa ubao wa tatu na wa saba. Na huyu hapa, tazama kaptula. Nyekundu. Kiraka cha maua. Kiraka hicho nilikishona mimi, kwa kitambaa cha pazia. Nani mwingine atajua kiraka hicho?"

Nikageuza jalada la nyuma, nikamsomea habari za mwandishi. Baba yake alikuwa mganga wa zahanati ya kisiwa. Shangazi akakaa chini. "Mtoto wa mganga," akasema. "Alikuwa mkimya, anajificha nyuma ya mitumbwi anatuangalia tukicheza. Hatukumkaribisha. Nisomee."

Nikamsomea pale palipo wazi, harakaharaka, kwa sababu msimamizi alikuwa anakuja:

"Kaptula nyekundu, kiraka cha maua,
gati la mbao kuukuu, limepindwa na jua.
Dada akaondoka mbio, bila kugeuka,
mdogo akabaki pale, maji yakiinuka.

Hakumtoroka ndugu: mama yake alifoka,
'Mwache huyo, ana miguu! Wewe njoo haraka!'
Nilisikia mwenyewe, nyuma ya mitumbwi,
na leo nikifumba macho, bado nalisikia wimbi."

Nilipofika kwenye "ana miguu" nilimtupia shangazi jicho. Neno lilelile! Miaka hamsini kasoro mmoja, na mtu mwingine alikuwa amelibeba moyoni, akaliandika, likapita mashinani kwetu likaja kuangukia meza yake. Shangazi hakulia. Alisema, "Nisomee tena." Nikasoma tena. "Tena." Mara ya tatu alikuwa analisema pamoja nami, ameshalishika kwa kichwa.

"Kimeandikwa," akasema. Kisha akaangua kilio ambacho sijapata kusikia, mkono umeziba mdomo, gundi na machozi vimechanganyika. Alipopata pumzi akasema, "Mama atakisoma mwenyewe kwa kioo chake. Asife bila kujua. Hilo tu, Mungu wangu, hilo tu."

Kielelezo hakikuazimika. Msimamizi alikifungia kabatini kama dhahabu, na kutoa karatasi kiwandani kabla kazi haijatoka ni kufukuzwa siku hiyohiyo. Alishafukuzwa mtu kwa kufungia mkate. Nilimwambia shangazi, subiri, mashine inaanza kesho, nitakutolea mimi, mimi ni kijana nitapata kazi kwingine. Akasema sawa. Shangazi akikwambia sawa upesi namna hiyo, ujue kakudanganya.

Na hapa nataka nikiri, maana watu hupenda kumlaumu yeye. Kosa ni langu. Kitabu kizima, kila shairi lilikaa chini ya picha yake, ukurasa mmoja. Isipokuwa hilo moja la katikati. Ubeti wa kwanza ulikuwa kushoto, ukurasa wa kumi na sita, chini ya picha ya gati. Ubeti wa pili ulikuwa kulia, ukurasa wa kumi na saba, juu ya maji ya buluu matupu. Mimi nilisoma kwa pumzi moja, sikunyoosha kidole, sikumwambia hapa nimevuka. Na ukurasa wa kumi na sita ndio wa mwisho wa mkunjo wa kwanza. Wa kumi na saba ndio wa mwanzo wa mkunjo wa pili. Kila mtu wa meza yetu anajua hesabu hiyo usingizini, na shangazi kuliko wote. Lakini yeye aliona picha, akaona maandishi chini ya picha, akaamini yote yako pale. Mtu asiyesoma angeonaje kwamba maneno yamepungua?

Jumamosi tunafanya kazi nusu siku. Saa nne asubuhi aliomba ruhusa, tumbo linamsumbua. Nilimwona akipita mlangoni ameinama, mkono tumboni, nikasema maskini, kweli anaumwa. Kumbe tumboni, ndani ya gauni, kulikuwa na mkunjo wa kwanza.

Nilipofika nyumbani saa saba mchana nilikuta viatu vingi mlangoni. Baba, mama, na majirani wawili. Bibi ameegemezwa mito, uso umekuwa mdogo. Shangazi amepiga magoti kando ya godoro, ameshika ule mkunjo kwa mikono miwili, ukurasa wa nyuma umemwelekea mama yake. Nikaona picha ya gati. Nikajua papo hapo: ameleta nusu.

"Soma, mama," shangazi alikuwa akisema. "Si mimi ninayesema. Kimeandikwa. Soma kwa sauti, watu wasikie."

Bibi akainua kioo chake. Sauti ya kusoma ilikuwa ileile ya kujivuna. Alisoma kaptula, akasogeza kioo karibu. Akasoma gati. Akasoma "Dada akaondoka mbio, bila kugeuka, mdogo akabaki pale, maji yakiinuka." Akashusha kioo.

"Endelea, mama," shangazi akasema. Alikuwa anatabasamu. Sitalisahau tabasamu lile.

"Imeishia hapo."

"Hapana. Kuna mengine."

"Hakuna. Tazama mwenyewe." Halafu akakumbuka kwamba huyu hawezi kutazama, akamgeukia baba. Baba akainama, akapitisha macho, akasema kwa upole, "Imeishia hapo, dada."

Shangazi akaugeuza ule mkunjo, akaufungua, akaufunga. Akaanza kusema kwa kichwa, kwa haraka, "Hakumtoroka ndugu, mama yake alifoka—" Bibi akainua mkono. "Hayo unatunga wewe." Nami nikaropoka, "Bibi, ni kweli, mimi nimeyasoma kwa macho yangu, yako ukurasa unaofuata!" Baba akanikazia macho. "Si sasa," akasema. "Mama anachoka." Jirani mmoja alikuwa tayari anatikisa kichwa kwa huruma, ile huruma inayouma kuliko tusi.

Sikubishana. Nilitoka mbio, viatu mkononi. Jumamosi mafundi hubaki kusafisha mashine mpaka saa tisa. Nilimkuta fundi wa mashine anajifuta mikono, mkunjo wa pili bado ni karatasi zilizotandazwa, wino haujakauka vizuri. Nikamwambia nataka moja. Akauliza ya nini. Nikamwambia bibi yangu anakufa na ukinizuia nitapiga yowe. Mtu yule niliyemtishia kumshona mdomo akachomoa karatasi moja, akaikunja mwenyewe, vibaya, akanisitiria ndani ya gazeti. "Msimamizi yuko nyuma," akasema. "Pita mbele."

Nilirudi jasho linanitiririka. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nitamwambia bibi: haya, kioo chako kiko wapi? Nitawaita majirani wote.

Majirani walikuwa wameondoka. Mlango wa chumba cha bibi umerudishwa nusu. Nikasikia sauti yake, nyembamba, "Yametosha, mwanangu."

Nilisimama. Nikachungulia. Shangazi ameketi godoroni, kichwa cha bibi kimelala mkononi mwake, na mkono mwingine umeshika kikombe. Bibi midomo yake imelowa. Alikuwa amekunywa maji kwa mkono wa shangazi.

Shangazi aliponiona akamlaza bibi taratibu, akaja, akaufunga mlango nyuma yake.

"Ninao," nikamnong'oneza. "Huu hapa. Ukurasa wa kumi na saba."

"Urudishe."

"Unasemaje?"

"Amenisamehe," akasema. "Mlipotoka wote aliniambia nisogee. Halafu akasema, umekuja mwenyewe, umeniletea kwa mkono wako, miaka yote nilikuwa nangoja ukubali. Akasema, basi, mwanangu, yamekwisha. Akaomba maji."

"Amekusamehe nini, shangazi?" Sauti ilinipanda, sikuweza kuizuia. "Nini? Umemkosea nini wewe?"

Akanishika kifundo cha mkono. Vidole vile vigumu. "Ukiingia na karatasi hiyo," akasema, "hatakuwa na mtu wa kumsamehe. Atabaki na yeye mwenyewe. Siku mbili, tatu, zilizobaki. Na mimi nitarudi kuwa 'huyu'."

"Lakini ni kweli! Kimeandikwa!"

"Najua. Si nimekitoa kiwandani mimi?"

Ningeweza kuingia. Nakwambia ukweli, nilipiga hatua. Damu ilikuwa inanichemka, na nilimchukia yule bibi kizee aliyelala mle, bibi yangu aliyenilea, kwa namna ambayo bado inanitisha. Lakini mkono ule haukuniachia, na mle ndani bibi akaita tena, "Mwanangu? Umekwenda wapi?" Shangazi akaitika "Abee, mama" kwa sauti ya mtoto, ya mtoto wa miaka tisa kabisa, akaniacha pale ukumbini na gazeti langu.

Bibi alikata roho Jumatatu alfajiri. Kwenye matanga wanawake walikaa mikekani wakisifu. "Ule ndio moyo wa mama. Kubeba uchungu wa mtoto miaka yote hiyo, na mwisho akasamehe." Mmoja akamgeukia shangazi, "Na wewe ushukuru, wengine hufa na kinyongo." Shangazi akajibu, "Nashukuru." Mimi nilikwenda uani, nikasugua masufuria yaliyokuwa yamekwisha kusuguliwa.

Alhamisi tulirudi kazini. Mikunjo ilikuwa imetungoja, marundo mawili, la kwanza kushoto, la pili kulia. Hakuna aliyegundua kilichopungua. Shangazi akavaa aproni, akatia uzi sindanoni, akaanza. Wa kwanza, wa pili, sindano inaingia, inatoka, kurasa zinakutana. Siku nzima aliziunganisha zile beti mbili, nakala moja baada ya nyingine. Ilikuwa zamu yetu sote, lakini hakuna aliyepeleka mkono kwenye rundo lile.

Saa ya chai sikuweza kuvumilia tena. "Shangazi, niambie kwa nini. Nafsi yangu haitulii."

Alikata uzi kwa meno. "Ukweli nilikuwa nao tangu nina miaka tisa," akasema. "Nimelala nao, nimeamka nao. Haujanipa kikombe kimoja cha maji. Mimi sikuwa nataka ukweli, we mtoto. Nilikuwa namtaka mama yangu."

"Ulimpata kwa uongo."

"Nilimpata siku mbili," akasema, na sasa machozi yalikuwa yakimtoka bila kujificha. "Unaumia wewe? Mimi naumia zaidi. Inaniuma kufa. Usiniulize tena."

Akachukua kitabu alichomaliza kukishona, akakifungua katikati. Akatazama upande wa kushoto, gati na kaptula. Kisha akagusa upande wa kulia, ule wa maji matupu.

"Kumbe ndipo yalipokuwa," akasema. "Nionyeshe. Lile la ana miguu. Liko wapi hasa?"

Nikamshika kidole, nikakiweka juu ya maneno. *Mwache huyo, ana miguu.* Akayafuata pole pole kutoka mwanzo mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akayafuata tena, midomo inacheza. Gundi ikaacha alama, nakala hiyo imeharibika. Alikaa hivyo mpaka msimamizi akapiga kelele kwamba chai imekwisha. Akaiweka ile nakala mapajani, chini ya aproni, akavuta mkunjo mwingine.